Kiti Kinachokula Mabega

Bega langu la kulia lilinigomea kwenye chandarua. Ilikuwa saa nne usiku, nimeshahamia kitandani, nikainua mkono kukifungua pale kilipofungwa fundo juu ya kichwa. Mkono ukafika usawa wa sikio, ukasimama. Haukuuma sana, ulikataa tu, kama mlango wa mbao uliovimba masika. Nilipoulazimisha ndipo ukauma. Nikamalizia kwa mkono wa kushoto, nikalala na mbu wangu wawili ndani.

Nilikuwa nimetimiza miaka minane kwenye kiti cha magurudumu. Muda wote huo niliamini ulemavu wangu unaanzia kiunoni kushuka, na kwamba mikono ndiyo mtaji uliobaki. Hakuna aliyeniambia kuwa mtaji huo una mlaji, wala kwamba mlaji mwenyewe ndiye niliyemkalia.

Ninaandika kwa ajili ya mtu anayejisukuma mwenyewe kila siku, na ndugu yake anayechangisha fedha za kumnunulia kiti. Fundi wa kuchomelea naye asome, maana mengi ya hapa yataishia mikononi mwake. Sizungumzii kile kiti kipana cha wodini ambacho muuguzi humsukumia mgonjwa kwenda kupigwa eksirei. Kile ni machela ya kukalia. Taabu ni kwamba wengi wetu ndicho tulichopewa twende nacho nyumbani. Changu kilikuja kwenye kontena la msaada. Tulipangwa mstari, tukapigwa picha na wageni, kila mmoja akakabidhiwa kilichokuwa mbele yake. Hakuna aliyepimwa. Mtoto wa darasa la nne na baba mmoja mnene waliondoka na viti pacha.

Kwanza bega lenyewe. Nyonga ni tufe lililozama ndani ya bakuli. Imeumbwa kubeba mwili. Bega ni tufe lililopakatwa na kisahani. Ndiyo maana mkono unazunguka kila upande, na ndiyo maana unategemea misuli minne midogo na kano zake uendelee kukaa mahali pake. Kano mojawapo hupita kwenye uwazi mwembamba chini ya mfupa wa juu wa bega. Uwazi huo hubana unapoinua mkono, unaposukuma kwa nguvu mkono ukiwa umetanuka mbali na mbavu, na hasa unapoubeba mwili mzima kwa mikono ukihama kutoka kitini kwenda kitandani. Kano hailishwi damu nyingi kama msuli, kwa hiyo ikichanika hupona kwa kusuasua. Mpaka rangi akiambiwa na daktari apumzishe bega wiki sita, atapumzika. Mimi nikiambiwa hivyo, nimeambiwa nipumzike kutembea, kuoga na kwenda chooni.

Si mimi peke yangu. Tafiti zilizowauliza watumiaji wa viti wenye majeraha ya uti wa mgongo huwakuta kati ya theluthi moja na theluthi mbili wana maumivu ya bega. Mwaka 2005 jopo la wataalamu nchini Marekani, likigharimiwa na chama cha wanajeshi wastaafu waliopooza, Paralyzed Veterans of America, lilitoa mwongozo mzima juu ya jambo hili moja: namna ya kuiokoa mikono ya mtu aliyeumia uti wa mgongo. Ukiuvua lugha ya kitabibu, unabaki na maneno ambayo mchuuzi yeyote wa ndizi anayebeba mkungu kichwani angekubaliana nayo. Usirudie kazi mara nyingi kuliko lazima. Usitumie nguvu kuliko lazima. Usifanye kazi mkono ukiwa umejipinda. Lililonishangaza ni kwamba sehemu kubwa ya hayo haiko kwenye hiari ya mtu. Iliamuliwa siku kiti kilipotengenezwa, na aliyeamua ni yule aliyechagua mahali pa kufunga gurudumu kubwa.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kwa muda.

Fundi ninayemtumia ana kibanda hapa Moshi, anachomelea mageti na madirisha. Viti alijifunza kwa kumtazama mtaalamu aliyepita TATCOT, kile chuo kilichoko hospitali ya KCMC kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viti kutoka nchi nyingi za Afrika. Nilimfuata nikiwa na malalamiko ya beringi. Aliniamkia, akachuchumaa kando yangu, hakugusa beringi. Akasema, "Mwalimu, hebu sukuma mara moja tu, halafu uache." Nikasukuma. Akachukua chaki, akachora alama kwenye tairi pale nilipoishika ringi na nyingine pale nilipoiachia. Kisha akapima kwa mkono wake: shubiri moja na nusu. Akaguna.

Kwenye kiti changu, kama viti vingi vya namna ya hospitali, ekseli ya nyuma ilikuwa imechomelewa wima chini ya bomba la mgongo. Mimi nimekaa mbele, gurudumu liko nyuma yangu. Ili nilishike vizuri ilinibidi nirudishe viwiko nyuma kama kuku anayekunjua mabawa, na hata hivyo nilikuwa napata kipande kifupi tu cha ringi. Kipande kifupi maana yake misukumo mingi, na kila msukumo unaanza bega likiwa limepinda kuelekea nyuma. Juu ya hayo, uzito wangu mwingi ulikuwa umelalia magurudumu madogo ya mbele, ambayo ndiyo yanayokwama kwenye mchanga na kokoto.

Fundi alikata mabamba mawili ya chuma, akatoboa matundu matano kwa mstari kwenye kila moja, akayachomelea kwenye fremu, moja kila upande, na kufunga ekseli kwa bolti kwenye tundu lililokuwa kama sentimita sita mbele ya mahali pa zamani. Akasogeza breki, kwa sababu breki isipolifuata gurudumu haishiki. Akanirudisha kitini, akasimama nyuma yangu mikono tayari, akapiga chaki upya. Shubiri mbili na vidole vitatu.

Njia ya kutoka mjini kuelekea KCMC inapanda, anayekaa Moshi anajua. Zamani nilikuwa napumzika mara mbili kabla ya kufika ninapofika. Wiki ile nilipumzika mara moja. Kiti kilikuwa kile kile, na mtu yule yule mwenye bega bovu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba alichokifanya fundi kwa chaki kilikuwa kimepimwa kwa mitambo katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Huko Rory Cooper, mhandisi ambaye mwenyewe anatumia kiti tangu alipogongwa akiendesha baiskeli mwaka 1980, na daktari Michael Boninger, walitumia ringi zenye vipimo ndani yake zinazorekodi kila nguvu ya kiganja. Waligundua kwamba ekseli ikiwa mbele zaidi, mtu hushika ringi kwa urefu zaidi, husukuma mara chache zaidi, na nguvu haimpigi ghafla mkononi. Mwongozo wa 2005 unasema vivyo hivyo: ekseli isogezwe mbele kadiri inavyowezekana, mradi kiti kisipoteze uthabiti.

Maneno hayo ya mwisho, kuhusu uthabiti, usiyaruke. Ekseli ikisogea mbele kiti kinakuwa chepesi kuinuka mbele, na kinaweza kukupindua chali. Sogeza kidogo kidogo, tundu moja kwa wiki, mtu akiwa nyuma yako siku za mwanzo. Kipimo changu ni hiki: ukisukuma kwa nguvu ya ghafla kwenye sakafu tambarare, magurudumu ya mbele yanyanyuke kidogo na kurudi. Yakinyanyuka ukivuta pumzi tu, umepita kiasi. Aliyekatwa miguu asifuate vipimo vya mwenye miguu hata kidogo. Hana uzito wa mbele wa kumshikilia, na ekseli yake mara nyingi hutakiwa irudi nyuma. Anayeanza kutumia kiti naye asubiri, au fundi amfungie vigurudumu viwili vidogo kwa nyuma vya kuzuia kupinduka. Na mkoba mzito usiutundike mgongoni mwa kiti. Nilimshuhudia kijana akishuka ukingo wa barabara na begi la vitabu nyuma. Vitabu ndivyo vilivyotangulia kufika chini, akafuata yeye. Mzigo uwekwe chini ya kalio au mapajani.

Jambo la pili ni kimo cha kukalia. Hili unalipima bila chombo chochote. Kaa vizuri, makalio yameingia hadi nyuma, uachie mikono ining'inie. Ncha ya kidole cha kati ifike katikati ya gurudumu, penye ekseli. Kisha weka viganja juu kabisa ya ringi na umwombe mtu akuangalie kwa ubavu: kiwiko kiwe kimejikunja kuliko mkono ulionyooka, lakini kimefunguka zaidi kidogo kuliko pembe ya daftari. Kwa wanaopenda namba, kati ya digrii 100 na 120. Ukiwa umekaa juu sana, ringi iko mbali na unaikwangua kwa ncha za vidole. Ukiwa chini sana, mabega yanapanda masikioni na viwiko vinatanuka. Kumbuka kwamba mto wa kukalia ni sehemu ya kimo. Nimeona mtu aliyepimiwa kiti vizuri, akaenda kununua godoro la sentimita kumi akalikata mto, akashangaa mikono haifiki. Ukibadili mto, pima tena.

Upana ni hivyo hivyo. Viti vingi vya msaada vina kalio la inchi 18, yaani karibu sentimita 46. Mtu mwenye nyonga za sentimita 36 ana nafasi ya sentimita tano kila upande asiyoihitaji, na kila siku anaivuka kwa kutanua mikono. Wauzaji hupenda kusema kiti kipana kina raha. Raha hiyo ni ya sofa. Ukikaa, kati ya nyonga yako na ubavu wa kiti kipite kiganja kilicholazwa bapa, basi. Mtoto ndiye anayeonewa zaidi hapa, kwa sababu watu humnunulia kiti kama wanavyomnunulia sare ya shule: kikubwa, atakua nacho.

Watu wengi wakisikia habari ya kulinda mabega wanakimbilia swali la uzito. Lina historia yake. Kiti cha bomba za chuma kinachokunjwa katikati, ambacho bado ndicho sura ya kiti cha magurudumu vichwani mwa watu, kilianzia kwa Wamarekani wawili, Herbert Everest na Harry Jennings, mwaka 1933. Kilikuwa ukombozi wa wakati wake: kiliingia kwenye gari. Kisha kikakaa karibu bila kubadilika kwa miongo. Mwaka 1978 Marilyn Hamilton wa California alianguka na tiara ya kurukia angani, akapooza, na alipoona chuma alicholetewa akawaendea marafiki zake wawili waliokuwa wakiunda tiara hizo. Wakamtengenezea kiti kwa bomba zile zile za alumini, chepesi, kisicho na makorokoro. Ndiyo chimbuko la viti vya Quickie, na viti vingi vyepesi unavyoviona leo vimefuata njia hiyo.

Mimi sikatai wepesi, ila nauweka mahali pake. Chukua mtu wa kilo 70 kwenye kiti cha kilo 18: jumla 88. Mpe kiti cha kilo 12, jumla inakuwa 82. Umepunguza chini ya asilimia 7 ya mzigo unaosukumwa, na pengine umelipa bei ya ng'ombe wawili. Kusogeza ekseli kunagharimu mabamba mawili na mchana mmoja wa fundi. Wepesi unalipa sana kwa mtu anayenyanyua kiti chake mwenyewe kukiingiza kwenye gari au bajaji mara nyingi kwa siku, maana pale bega linabeba kiti chote, tena mkono ukiwa umenyooka pembeni. Kama una fedha kidogo, anza na vipimo vya mwili, kisha tairi, uzito uje baadaye. Na kama kiti chako ni cha alumini, usikubali fundi wa mageti akichomelee kwa mashine yake ya kawaida. Alumini inataka mashine yake na mkono wake. Kwenye fremu ya aina hiyo tumia vibanio vya bolti.

Sasa barabara zetu. Kiti chepesi cha alumini chenye vigurudumu vya mbele vyembamba vigumu, vilivyotengenezwa kwa sakafu ya duka la Ulaya, kikikutana na mchanga wa Tanga au kokoto za Kibosho kinazama kama kisigino kirefu. Unachohitaji mbele ni gurudumu pana, la mpira laini. Ralf Hotchkiss, mhandisi aliyepooza kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, alitambua hilo akifanya kazi na mafundi walemavu huko Nicaragua na baadaye Afrika. Kiti chake cha RoughRider kimesogeza magurudumu ya mbele mbali na kalio ili yasibebe uzito mwingi, na mpira wake mpana wa mbele unaitwa gurudumu la Zimbabwe kwa sababu wazo lilitoka huko. Shirika la Kiingereza la Motivation lilifika pahali karibu na hapo kwa njia nyingine: kiti cha magurudumu matatu, lile moja la mbele likiwa limesogea mbali. Ni kirefu, kinasumbua kugeuza ndani ya chumba cha kupanga, lakini njiani hakikwami ovyo. Mtu wa ghorofani Kariakoo na mtu wa shambani Rombo hawastahili kiti kimoja.

Tairi za nyuma ziwe za upepo, za kipimo kinachouzwa kwenye duka la baiskeli. Najua ile tairi ngumu isiyopasuka inavutia. Inavutia hadi utakapoisukuma kwenye vumbi mwezi mzima. Inakula nguvu, na kila mtikisiko inaupeleka moja kwa moja kiganjani na begani. Lakini tairi ya upepo isiyojazwa ni mbaya kuliko ngumu. Kiasi cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Pampu ya baiskeli iwe nyumbani, na Jumamosi iwe siku ya kujaza.

Kagua mambo mawili zaidi. Chukua uzi, pima umbali kati ya tairi mbili kubwa upande wa mbele, kwa kimo cha ekseli, kisha upande wa nyuma kwa kimo hicho hicho. Zikitofautiana, magurudumu yanatazama pembeni, na unasukuma kama mtu anayeburuta kiatu. Halafu geuza kiti, chungulia uma wa magurudumu madogo. Utakuta nyuzi za khanga, nywele za rasta, na kamba ya kiroba vimejisokota kwenye beringi. Wembe na tone la mafuta vinatosha. Na fundi akibadili kimo cha ekseli, ahakikishe bomba la kuzungukia la gurudumu dogo limebaki wima dhidi ya ardhi. Likilala, gurudumu hutetemeka na kiti hukataa kugeuka.

Rampu ni sehemu ambayo hesabu ndogo inakufundisha kubishana na mjenzi. Kwenye mwinuko wa moja kwa 12, yaani sentimita 12 za mlalo kwa kila sentimita moja ya kimo, yule mtu na kiti chake, jumla kilo 88, wanavutwa nyuma na uzito wa zaidi ya kilo saba muda wote wanaopanda. Fanya mwinuko uwe moja kwa sita, kama zile rampu nyingi za benki zilizomwagwa baada ya jengo kukamilika, zinakuwa karibu kilo 15. Na bega halisukumi mfululizo. Linasukuma, linaachia, kiti kinaanza kurudi, linakamata tena. Kwa hiyo kila mkamato ni mzito kuliko hesabu inavyosema. Ngazi mbili zenye jumla ya sentimita 30 zinataka rampu ya mita 3.6. Mjenzi akikuambia nafasi haitoshi, mwambie izungushwe. Na mahali ambapo rampu ni ukuta, omba kusukumwa. Nilichukua miaka kulisema neno hilo bila kuona haya, na miaka ile ya haya niliilipia begani.

Namna ya kusukuma nayo hufundishwa. Tazama gurudumu lako la kulia kama uso wa saa, mbele ikiwa upande wa namba 3. Kamata kwenye 10, achia kwenye 2, kwa mkono mrefu na wa taratibu. Baada ya kuachia usiurudishe mkono kwa juu. Uache udondoke chini ya ringi, upite kama bembea, ukute ringi tena kwa nyuma. Misukumo mirefu na michache. Wale vijana wanaopiga ringi tap-tap-tap wanaonekana wana kasi, lakini wanatumia mabega yao kama karanga. Gurudumu la inchi 24 likizunguka mara moja linameza karibu mita 1.9 za njia. Kwenye vumbi msukumo mmoja hukupa labda mita moja, kwa hiyo kilomita moja kwenda sokoni ni mara elfu moja, na kurudi elfu nyingine.

Kwa safari ya namna hiyo, waziwazi, kiti cha kusukuma si chombo chake. Baiskeli ya miguu mitatu ya kuzungusha kwa mikono inafaa zaidi: mikono iko mbele ya kifua, nguvu ni ya mfululizo. Kuna wazo jingine lililotoka kwa Amos Winter, mhandisi wa chuo cha MIT cha Marekani aliyekuwa Tanzania mwaka 2005 kuangalia viti vyetu. Kiti chake kinaendeshwa kwa mitaimbo miwili na mnyororo wa baiskeli. Ukishika mtaimbo juu unapata nguvu ya kupandia mlima, ukishika chini unapata kasi ya tambarare. Kilijaribiwa Afrika Mashariki kabla ya kuuzwa kwingine. Kama kuna kijana wa chuo cha ufundi cha VETA anayetafuta mradi wa mwisho wa mwaka, huo hapo.

Ringi yenyewe isiwe nyembamba ya kukunyonga vidole, wala rangi isiwe imebambuka. Wenye mshiko dhaifu huifunga kwa vipande vya tyubu, na inasaidia kupanda. Kushuka itakuchoma viganja, kwa hiyo glavu za baiskeli zivaliwe. Ukiamka usiku kidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, hiyo ni neva inayobanwa kwenye kifundo cha mkono. Angalia unavyohama: je, unaegemea kiganja bapa kilichopinda nyuma? Egemea ngumi, au shika ukingo wa kitanda kwa vidole.

Kuhama ndiko kunakovunja mabega haraka kuliko kusukuma, nami nimeliacha jambo hili mpaka sasa kwa sababu kiti bora hakikusaidii kama kitanda kiko sentimita 20 juu yake. Kata miguu ya kitanda, au iongeze, mpaka kilingane na kiti. Kwa seremala agiza ubao laini wa sentimita 70 hivi kwa 25, kingo zikiwa zimesuguliwa, uutelezee badala ya kujirusha. Badilisha mkono unaotangulia: leo wa kulia, kesho wa kushoto. Choo cha shimo ni kisa kirefu, ila kigoda imara chenye tundu na kimo cha kiti kinaokoa mengi. Na vitu vya kila siku, sukari, dawa, simu, visiishi juu ya kabati.

Wengi tulifundishwa pia kujinyanyua kwa mikono mara kwa mara ili makalio yasipate vidonda. Lengo ni sahihi kabisa, vidonda vinaua. Lakini kila unapojinyanyua, mabega ndiyo yanayobeba mwili mzima. Egemea mbele, kifua juu ya mapaja au viwiko juu ya meza, kwa dakika mbili hivi, au lalia upande mmoja kisha mwingine. Damu inarudi kwenye ngozi vizuri kuliko kwenye mnyanyuko wa sekunde kumi.

Zoezi moja tu nitalisema. Kusukuma kunakuza misuli ya kifua na kuiacha ya mgongo imelala. Funga tyubu ya baiskeli kwenye nondo ya dirisha, kimo cha kifua, vuta ncha zake mpaka makombe ya mabega yakaribiane, achia polepole. Vuta mpaka uchoke, si mpaka uumie. Bega likiuma zaidi ya wiki mbili, au ukishindwa kuinua mkono kama nilivyoshindwa mimi, nenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, na uende na kiti ulichokalia, asikutazame bega tu.

Anayekuletea kiti cha zawadi mshukuru, kisha muulize kama ekseli inasogezeka, kama tairi inapatikana dukani, na nani atakupima. Si ukosefu wa adabu. Shirika la Afya Duniani liliandika tangu 2008 kwamba kiti kinachofaa ni kile kinachomtosha mtumiaji na mazingira yake na kinachoweza kukarabatiwa nchini mwake, na kumpima mtu kulikuwa miongoni mwa hatua nane za kumpatia kiti lilizoziorodhesha wakati huo. Nchini Kenya, chama cha watu wenye ulemavu cha APDK kimekuwa kikiunda viti kwa mazingira ya huko. Nchini Tanzania, wahitimu wa TATCOT wametawanyika kwenye hospitali nyingi za mikoa. Ulizia.

Na ukishapata mahali pako kwenye lile bamba la matundu, chukua rangi ya kucha, hata ya binti yako, upake duara jekundu kuzunguka tundu lenye bolti, kulia na kushoto. Siku moja tairi itapasuka, utamwachia kiti fundi usiyemjua, naye akimaliza atarudishia gurudumu kwenye tundu lolote litakaloingia bolti upesi. Mimi yalinikuta mwezi uliopita. Nilisukuma mara tatu kutoka mlangoni kwake, nikasimama, nikainama kutazama. Tundu moja nyuma.